SANDUKU LA DAWA LIPO KIWANDANI, SHULENI LIKO WAPI?



Katika toleo hili tunaziweka kando kidogo habari za mishahara na saa za kazi, tuzungumze juu ya watoto wetu wanapougua shuleni. Wala msidhani kwamba tumetoka nje ya mambo ya chama. Mfanyakazi anayeendesha mashine huku mawazo yake yako kwa mtoto aliyeondoka nyumbani asubuhi akiwa na homa, huyo hayuko salama yeye mwenyewe wala wenzake. Usalama wa kazini na usalama wa shuleni ni ndugu wa tumbo moja.

Tuanze na yale yaliyotokea hapa hapa Juba. Tarehe 20 Februari 2025 Serikali ilitangaza kwamba shule zote za Sudan Kusini zifungwe kwa wiki mbili kwa sababu ya joto kali. Naibu Waziri wa Elimu, Martin Tako Moi, alieleza kwamba kwa wastani wanafunzi 12 walikuwa wakianguka kila siku katika mji wa Juba. Huo ulikuwa mwaka wa pili mfululizo. Mwezi Machi 2024 shule zilifungwa vile vile, joto lilipotazamiwa kufika nyuzi 45 za Sentigredi, na wazazi wakaambiwa wasiwaache watoto wacheze juani.

Kufunga shule kulikuwa ni hatua ya lazima, na hatulaumu. Lakini tunauliza swali ambalo kila mzazi anapaswa kuuliza. Wale watoto 12 walioanguka kila siku, ni nani aliyewainua? Alifanya nini katika dakika kumi za kwanza? Alikuwa amefundishwa na nani? Alikuwa na maji? Alikuwa na namba ya simu ya baba au mama? Shule hufungwa wiki mbili, kisha hufunguliwa, na mtoto hurudi chini ya bati lile lile. Hivyo jibu la swali hili halikwisha na tangazo la Serikali.

MWENZETU ALIYECHELEWA KUAMBIWA

Mwenzetu mmoja ni fundi katika kiwanda hapa mjini, na anaishi upande wa Gudele. Binti yake yuko darasa la tano katika shule ambayo hatutaitaja. Siku moja ya joto binti alianza kuumwa kichwa katika kipindi cha pili. Akaambiwa alaze kichwa mezani. Katika kipindi cha nne akatapika. Mwalimu, kwa huruma yake, alifungua mkoba wake akampa vidonge viwili vya kutuliza maumivu. Ilipofika saa sita binti alisimama kwenda nje, akaanguka mlangoni.

Walimlaza chini ya mwembe, watoto mia wakamzunguka na kumzibia hewa. Mmoja akasema ni malaria, mwingine akasema ni kifafa, wa tatu akasema asiguswe. Ofisini hapakuwa na daftari la namba za wazazi. Aliyemjulisha baba ni kijana wa bodaboda aliyekuwa akimfahamu. Naye alipofika kwenye lango la kiwanda aliambiwa na mlinzi angoje mpaka saa ya mapumziko.

Tunashukuru Mungu kwamba binti yule alipona. Lakini mwenzetu alituambia neno ambalo hatukulisahau. Alisema, “Mimi nikikatwa na bati kazini, kuna sanduku ukutani na kuna mtu anayeitwa aje. Mwanangu ameanguka, na mwenye kuitwa hayupo.”

Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu.

SANDUKU LILE HALIKUJA LENYEWE

Wengi wetu tunaliona sanduku lenye msalaba ukutani kila siku tukadhani lilikuwepo tangu zamani. Haikuwa hivyo. Ni haki iliyodaiwa na wafanyakazi waliotutangulia, ikaandikwa katika sheria.

Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya mwaka 1937 ilimlazimisha mwenye kiwanda kuweka sanduku la huduma ya kwanza mahali panapofikika kwa urahisi. Wafanyakazi wakizidi 150, sanduku jingine liongezwe. Ndani yake kisiwekwe kitu chochote ila vifaa vya huduma ya kwanza. Kila sanduku liwe chini ya mtu mmoja maalumu, apatikane wakati wote wa kazi, na penye wafanyakazi zaidi ya 50 mtu huyo awe amefundishwa kazi hiyo. Kenya na Tanganyika zilipotunga sheria zao za viwanda mwaka 1950 zilifuata mfano huo.

Wenzetu wa mashambani nao wana historia yao. Katika mashamba makubwa ya mkonge, chai na kahawa palikuwa na dresa wa shamba, naye aliwatibu vibarua. Mwaka 1958 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 110 juu ya mashamba makubwa, nao ulitaka huduma za tiba ziwafikie wafanyakazi pamoja na jamaa zao. Mwaka 1981 ukaja Mkataba namba 155 juu ya usalama na afya kazini, ambao kifungu chake cha 18 kinamtaka mwajiri ajiandae kwa ajali na mambo ya dharura, pamoja na huduma ya kwanza ya kutosha. Mwezi Juni 2022 mkataba huo ulihesabiwa kuwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya Shirika hilo.

Sasa tazameni sheria ile ya zamani ilivyokuwa na akili. Haikusema “wekeni sanduku” ikanyamaza. Ilisema kila sanduku liwe na mtu. Sanduku lisilo na mtu ni ubao tu. Ufunguo hupotea, bendeji huliwa na panya, na siku ya ajali kila mmoja hudhani mwenzake ndiye mwenye kazi hiyo.

Tufanye hesabu ndogo. Shule yenye watoto 900, kama ingekuwa kiwanda cha mwaka 1950, ingetakiwa kuwa na masanduku 6 na watu 6 wa kuyasimamia. Shule ngapi za watoto wetu zina hata moja?

KWA NINI WATOTO WANAANGUKA

Joto la Juba katika miezi ya Februari na Machi tunalijua sote. Ndio mwisho wa kiangazi, mvua bado, na ndio miezi ambayo mwaka wa masomo unaanza. Walimu na wataalamu kadhaa walishauri mwaka 2025 kwamba kalenda ibadilishwe, watoto wapumzike Februari na warudi Aprili joto linapopungua. Shauri hilo lina maana, na chama hakina sababu ya kulikataa.

Madarasa mengi ni ya mabati, juu na pembeni, bila dari na bila umeme wa kuendesha feni. Aliyefanya kazi katika ghala la mabati anajua jinsi bati linavyolimeza jua la asubuhi na kulitema mchana. Mle ndani watoto hubanana, wengine wakiwa wametembea mwendo mrefu bila kunywa chai. Maji nayo ni ya kununua. Katika mitaa mingi ya Juba maji huletwa na magari ya matangi na kuuzwa, kwa hiyo pipa la shule likikauka saa nne, hukaa kavu hadi kesho yake.

Mtoto hupata shida kabla ya mtu mzima. Mwili wake mdogo hupata joto haraka, na mara nyingi hasemi kwamba ana kiu. Anangoja ruhusa. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya huduma ya kwanza shuleni haihitaji dawa yoyote: mtoto anywe maji kila kipindi, bila kuomba, na michezo ya juani isimamishwe kabla jua halijapanda.

Haya hayahusu watoto peke yao. Mwaka 2024 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba wafanyakazi bilioni 2.4 duniani wanakumbana na joto la kupita kiasi kazini. Tunapodai kivuli, maji na mapumziko mashambani na viwandani, tunadai kile kile ambacho mtoto anahitaji darasani.

MTOTO AKIANGUKA KWA JOTO

Sehemu hii tunaomba muikate, muibandike mahali, na nakala mwape walimu wa watoto wenu.

Kuna hali mbili. Ya kwanza ni mtoto kuishiwa nguvu kwa joto. Hutoka jasho jingi, huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husikia kichefuchefu, lakini bado anajua jina lake na mahali alipo. Mpelekeni kivulini, mlazeni, muinueni miguu kidogo, mfungueni nguo za kubana, na anywe maji kidogo kidogo. Akae na mtu mzima hadi apate nafuu. Asiachwe peke yake, wala asirudishwe nyumbani kwa miguu.

Hali ya pili ni ya hatari ya kifo. Mwili unawaka, mtoto anapayuka, hajitambui, anatetemeka kwa degedege au amezimia. Hapa kila dakika ina thamani. Mpoozeni mara moja, hapo hapo, kabla ya kutafuta gari. Mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu kwa daftari au kitambaa, na muweke vitambaa vya maji shingoni, kwapani na kwenye kinena. Maji yasiyo ya kunywa yanafaa pia kwa kazi hii. Mtu mwingine atafute usafiri wakati huo huo, na mtoto aendelee kupoozwa njiani mpaka afike hospitali.

Yako makosa matatu ambayo hufanywa kwa nia njema. Msimnyweshe maji mtoto aliyezimia, kwa maana yataingia mapafuni, mlazeni ubavu. Msimpe panadol ili kushusha joto la jua. Dawa ile hushusha homa ya ugonjwa, joto la jua haliiwezi. Na msiruhusu umati umzunguke. Hewa ndiyo dawa yake.

Je, kama ni malaria? Inawezekana, maana malaria haikosekani Juba, na homa kali ya mtoto haitambuliwi kwa macho. Kazi ya shule si kutambua ugonjwa. Kazi yake ni kumpooza, kumlinda na kumfikisha kwa mganga akapimwe damu. Degedege, kuzimia, kutapika kila anachokunywa na kulegea hata asiweze kukaa, zote ni dalili za kwenda hospitali sasa hivi, bila kungoja kengele ya kutoka.

VIDONGE KATIKA MKOBA WA MWALIMU

Turudi kwa yule mwalimu aliyempa binti vidonge. Alikuwa na huruma, lakini hakujua kama mtoto amekunywa dawa nyingine asubuhi, wala uzito wake, wala kama dawa ile inamdhuru. Na kama lingetokea baya, yeye ndiye angeshtakiwa. Kwa hiyo utaratibu mzuri wa dawa humlinda mtoto, na humlinda mwalimu vile vile.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Dawa iletwe na mzazi, isiletwe na mtoto mfukoni. Iwe katika pakiti yake iliyotoka zahanati, na karatasi yenye jina la mtoto, kiasi, saa na siku ya mwisho. Ikae katika kabati lenye kufuli, chini ya mwalimu mmoja anayejulikana. Kila inapotolewa iandikwe katika daftari: tarehe, saa, kiasi, na sahihi ya aliyetoa. Dawa isiyo na maandishi ya mzazi isitolewe. Sindano zisipigwe shuleni. Aspirini wasipewe watoto, kwa maana inaweza kuwaletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Na dawa iliyobaki ya mtoto mmoja asipewe mwenziwe hata kama “ugonjwa ni ule ule”.

Kitu kimoja tu hakifai kufungiwa: pumpu ya mtoto mwenye pumu. Hiyo ikae naye, au kwa mwalimu wake mle darasani. Pumu haingoji mwenye ufunguo arudi kutoka sokoni.

Sisi wazazi nasi tuna sehemu yetu. Dawa nyingi hazihitaji kufika shuleni kabisa. Dawa mseto ya malaria hunywewa mara sita katika siku tatu; baada ya siku ya kwanza, ambapo dozi ya pili hufuata saa nane baada ya ile ya kwanza, zinazobaki ni za asubuhi na jioni, pamoja na chakula. Zote zaweza kunywewa nyumbani tukipanga vizuri saa ya kuanza. Lakini tumwambie mwalimu kwamba mtoto yuko katika dozi, na mtoto mwenye homa abaki nyumbani. Wengi wetu tunamtuma mtoto mgonjwa shuleni kwa sababu hakuna wa kukaa naye, na siku moja bila kazi ni siku moja bila chakula. Tunalijua hilo. Hatulisemi kwa kulaumu. Tunalisema kwa kuwa nalo ni dai la chama, na tutalirudia hapo chini.

Kuna watakaosema walimu hawawezi kazi za dawa. Wanaweza wakifundishwa. Jirani zetu wa Kenya wana mpango wa taifa wa kuwapa watoto dawa za minyoo mashuleni, na walimu waliofundishwa ndio wanaogawa vidonge wakisaidiwa na watumishi wa afya. Mamilioni ya watoto wamepata dawa kwa njia hiyo. Kabla ya hapo, huko Busia, wataalamu Edward Miguel na Michael Kremer walichunguza shule 75 zilizopewa dawa za minyoo, na katika taarifa yao ya mwaka 2004 walieleza kwamba utoro ulipungua kwa robo. Mwalimu yule yule, kidonge kile kile. Tofauti ni mafunzo, orodha, na mganga wa kuulizwa.

MTOTO WA KIFAFA ASIFUKUZWE

Ndugu zetu wa Maridi, magharibi ya Juba, wanaishi na tatizo jingine. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 uliona kwamba zaidi ya watu 4 katika kila 100 huko wana kifafa. Wataalamu wanalihusisha jambo hilo na ugonjwa wa usubi, unaoletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana penye maji yaendayo kasi, kama pale kwenye lambo la Maridi. Baadhi ya watoto hupata ule ugonjwa wa kutikisa kichwa. Wengi wao wameacha shule, wengine kwa kuogopwa na wenzao, wengine kwa kuogopwa na walimu.

Familia nyingi zimehama kutoka huko na kuja Juba, na watoto hao wamo katika madarasa ya hapa. Basi tuseme wazi: kifafa hakiambukizi. Povu la mgonjwa haliambukizi. Kumgusa hakuambukizi. Mtoto akipatwa, ondoeni mawe na madawati karibu naye, muwekeeni kitu laini chini ya kichwa, mgeuzeni ubavu, na tazameni saa. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mtamvunja meno au atawang'ata. Msimshike kwa nguvu. Ikipita dakika tano bila kutulia, au ikirudia kabla hajazinduka, apelekwe hospitali.

Dawa za kifafa hunywewa nyumbani, nyingi usiku, au asubuhi na jioni. Zisikatizwe ghafla. Kwa hiyo mtoto wa kifafa haidai shule kitu kikubwa. Anadai kiti chake, na mwalimu asiyekimbia.

KUHARA NA MAJI YA SHULE

Tarehe 28 Oktoba 2024 Serikali ilitangaza kuwapo kwa kipindupindu, kilichoanzia Renk na baadaye kufika Juba na sehemu nyingine nyingi. Kufikia katikati ya mwaka 2025 zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamekufa. Katika ugonjwa huu mtu hufa kwa kuishiwa maji, na anaweza kufa kwa saa chache.

Mtoto akianza kuhara maji maji shuleni, asitumwe nyumbani peke yake. Aanze kunyweshwa pale pale. Pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini ziwe sandukuni daima. Zikikosekana, chukueni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, mkoroge. Anywe kidogo kidogo huku akipelekwa kituo cha afya. Aliyemhudumia anawe kwa sabuni, na choo alichotumia kisafishwe kwa dawa ya klorini.

MWALIMU NAYE NI MFANYAKAZI

Tunawaonya wenzetu wasiitumie makala hii kwenda kumfokea mwalimu. Mwalimu ni mfanyakazi kama sisi. Mwaka 2024 walimu na watumishi wengine wa Serikali walikaa miezi mingi bila mshahara. Anafundisha darasa la watoto wengi chini ya bati lile lile, na joto lile lile linampiga na yeye. Kumwongezea kazi ya uganga bila mafunzo, bila vifaa na bila maandishi ya kumlinda ni kumwonea.

Tunachotaka ni kwamba atajwe mtu, afundishwe, apewe nafasi ya kufanya kazi hiyo, na awe na msaidizi siku asipokuwepo. Mafunzo ya huduma ya kwanza ya siku chache yanatosha kuanzia. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Sudan Kusini hufundisha huduma ya kwanza, na katika viwanda vyetu wamo wenzetu waliokwisha kufundishwa.

TUFANYE NINI

Kwanza, katika mkutano wa wazazi ujao, kila mwanachama asimame aulize swali moja: “Mtoto akianguka leo, jina la anayeitwa ni nani?” Jina hilo liandikwe mlangoni mwa ofisi, pamoja na la msaidizi wake.

Pili, kila mzazi aandike katika daftari la shule namba mbili za simu, ugonjwa wowote wa kudumu wa mtoto, na dawa zinazomdhuru. Karatasi ziandikwe kwa lugha wanazozisoma wazazi. Juba ina wasema Kiarabu, Kibari, Kiswahili na Kiingereza, na tangazo la lugha moja huwaacha wengi nje.

Tatu, kamati ya shule inunue sanduku na vitu vyake: shashi, bendeji, plasta, mkasi, glavu, sabuni, kipimajoto, na pakiti za chumvi ya kurudisha maji. Havihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Wazazi wa darasa moja wakichanga, vitapatikana. Pipa la maji lenye bomba na kivuli cha mwarobaini viwe ni sehemu ya huduma ya kwanza.

Nne, ijulikane mapema nani atabeba mgonjwa na wapi. Juba ina Hospitali ya Watoto ya Al Sabah na Hospitali ya Mafunzo ya Juba, na mitaa ina vituo vyake vya afya. Kukubaliana mapema na mwenye gari au bodaboda wa karibu na shule ni kazi ya mazungumzo ya nusu saa.

Tano, nalo ndilo letu la chama. Katika mapatano ya kazi tudai vifungu viwili: kwamba habari ya mtoto mgonjwa ipokewe langoni na kumfikia mfanyakazi mara moja, na kwamba mzazi apewe ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali bila kupoteza kazi yake. Tudai pia kwamba msimamizi wa huduma ya kwanza wa kiwanda aruhusiwe kwenda kufundisha katika shule iliyo jirani. Mwajiri hatapungukiwa. Atapata wafanyakazi wenye utulivu wa moyo.

Wazee wetu walipodai sanduku la kiwandani, waliambiwa ni gharama, na kwamba majeraha ni sehemu ya kazi. Hawakukubali, na leo hakuna kiwanda kinachojiheshimu kisicho nalo. Kuanguka kwa mtoto darasani nako kusihesabiwe kuwa ni sehemu ya kusoma.

Februari nyingine itakuja na joto lake. Tumuulize mwalimu jina hilo kabla haijafika.